Netiweki Ikikatika, Mpishe Mwenzako

Kibeta, Bukoba
7 Oktoba 2024

Kwa Katibu wa Kamati ya Kompyuta,
Umoja wa Zahanati za Kanyinya,
Kamachumu.

Dada Gaudiosa,

"Mabadiliko yakiwa mazuri yataenea yenyewe, hayahitaji mtu wa kuyapigia debe." Hayo ni maneno yako. Uliyasema kwenye kikao cha Septemba mbele ya watu kumi na wawili, nao wakatikisa vichwa kana kwamba umewasomea Injili. Nimeyabeba hadi Kibeta, nimelala nayo, nimeamka nayo, na sasa nakurudishia, maana hayana ukweli wa kujaza hata kijiko.

Kinachoenea chenyewe hapa kwetu ni mnyauko wa migomba. Huo haukuitishiwa kikao. Uliingia Muleba bila barua ya utambulisho, ukapita kibanja kwa kibanja mpaka watu wakaanza kununua ebitoke, ndizi za kupika, kama watu wa mjini. Lakini mche safi, ule uliokuja kuokoa vibanja, ulibebwa kichwani. Mabwana shamba waliokuja nao walitukanwa, waliitwa wachawi, na zipo nyumba ambazo mpaka leo hazijaupokea. Kibaya kina miguu, dada yangu. Kizuri hubebwa, na anayekibeba hupigwa mawe njiani.

Sasa nirudie hoja yangu kwa faida ya faili, kwa kuwa umeniambia barua pepe zangu ni ndefu na huzisomi, na kwamba kinachoingia kwenye faili ni karatasi yenye saini. Haya, karatasi hiyo.

Seva ya Umoja iko hapa Bukoba na mimi ndiye mlinzi wake. Zahanati zenu kumi na tisa zinaingia humo kwa mbali kusoma majibu ya maabara. Programu ya kuingilia tunayotumia ilitengenezwa na watu ambao netiweki yao haijui kukatika. Ikikatika kwa sekunde mbili tu, inakutupa nje na kufunga mlango. Unaanza upya: jina, neno la siri, namba ya mgonjwa. Mwaka jana nilihesabu siku moja ya zahanati yenu ya Izigo. Walitupwa nje mara thelathini na nne.

Programu hiyo ni huru. Maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote mwenye akili na subira. Nimeyafanyia kazi miaka mitatu. Katika toleo langu netiweki ikikatika, seva inakungoja saa nzima. Ikirudi, unajikuta palepale ulipoachia, bila kuulizwa neno la siri. Basi. Hakuna uchawi.

Niliwatumia wenye programu huko ng'ambo, ili waingize mabadiliko haya kwenye toleo lao na kila mwenye netiweki mbovu duniani afaidike. Walikaa kimya miezi mitano, kisha wakanijibu kwa swali moja: mtu mwingine akiketi kwenye kompyuta hiyo kabla netiweki haijarudi, itakuwaje? Hebu fikiri! Kwani kompyuta ya zahanati ni kiti cha kinyozi? Sikujisumbua kuwajibu.

Ninachotaka ni kimoja. Tarehe 14 Novemba kamati ipige kura, na zahanati zote kumi na tisa zipokee toleo langu. Usiniambie tena kuhusu kuenea kwenyewe.

Muhidini Awadhi
Fundi wa seva


Kamachumu
11 Oktoba 2024

Mwalimu Muhidini,

Shikamoo. Barua yako imefika kwa dereva wa gari la dawa, imekunjwa mara nne kama hirizi. Nimeisoma yote, hata pale unaponitukana.

Ulinifundisha kompyuta mwaka 2003, na tangu siku hiyo sijakusikia ukisema neno "labda". Kwa hiyo nitalisema mimi. Labda una haki kuhusu netiweki. Hapa Kamachumu pia inatuchosha. Jana mapokezi walianza kusoma jibu la mama mjamzito saa mbili na nusu, wakalimaliza saa nne, naye yuko kwenye benchi anasali rozari.

Lakini umeuchukua mfano wa mnyauko ukauacha nusu. Uliingiaje kwenye vibanja? Uliingia na panga. Jirani mwema anakuja kukusaidia kupogoa, panga lake limetoka kwenye shamba lenye ugonjwa, hakulichoma moto wala kulipaka dawa. Anapogoa vizuri, mnakunywa pamoja, anakwenda kwa mwingine. Hakuna aliyekuja na nia mbaya. Ninachokiogopa ni panga la mtu mwenye nia njema, waitu ndugu yangu, na wewe nia njema unayo nyingi mno.

Je, ukiugua kesho, nani atairekebisha hiyo programu? Sada mkeo?

Nimezungumza na mwenyekiti. Tunakupa Izigo kwa majaribio, mpaka siku ya kura. Izigo peke yake. Narudia kwa sababu nakujua: peke yake. Flashi yenye toleo lako iende huko na gari la Jumatatu.

Gaudiosa Kahangwa
Katibu


Izigo
22 Oktoba 2024

Mwalimu Muhidini, shikamoo.

Mimi ni Ephrasia, muuguzi wa zahanati ya Umoja hapa Izigo. Katibu ameagiza tukuandikie tunavyoiona programu.

Kwa kweli tunashukuru. Jana netiweki ilikatika mara kumi na moja kabla ya saa sita na hakuna aliyeitukana kompyuta. Hellen wa mapokezi amecheza ngoma. Amesema tangu aajiriwe hajawahi kumaliza foleni kabla ya mvua ya mchana, na jana aliimaliza. Wagonjwa nao wanaona tofauti. Wiki iliyopita mzee mmoja aliyekohoa miezi miwili alipewa majibu ya makohozi palepale dirishani, hana kifua kikuu. Alirudi kesho yake na mkungu wa ndizi kichwani, akisema sasa anaweza kumbeba mjukuu wake bila woga.

Nina swali dogo. Mara nyingine netiweki ikirudi, kompyuta inaonyesha kitu ambacho sikukiomba. Hellen anasema ni kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Je, ni kawaida?

Wako,
Ephrasia


Kibeta
24 Oktoba 2024

Binti yangu Ephrasia,

Marahaba. Ndiyo, ni kawaida. Ndiyo kazi yake: inakumbuka. Msiogope.

Nimenakili sifa zenu zote na kuzituma kwa Katibu. Swali lako nimeliacha, maana yeye akiona alama ya kuuliza anaitisha kikao.

Muhidini


Kamachumu
31 Oktoba 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nilizisoma zile sifa za Izigo na, nakiri, nilikuwa nimeanza kulegea. Niliandika hata kwenye rasimu ya ajenda: "Katibu hana pingamizi." Leo nimeikata kwa kalamu nyekundu.

Nieleze jambo hili kama unavyomweleza mtu mjinga, kwa sababu ndivyo ninavyojisikia.

Najibu wa maabara amenipigia simu. Mgonjwa namba 417 wa Izigo makohozi yake yalikutwa na vijidudu vya kifua kikuu. Jibu liliingizwa kwenye seva tarehe 17. Najibu anauliza kwa nini mpaka leo mgonjwa hajaanza dawa. Nikawapigia Izigo. Wakafungua daftari: tarehe 18, namba 417, HANA. Nikawaambia wafungue kompyuta upya, nami nikiwa kwenye simu. Wakafungua. Kompyuta ikasema ANAVYO. Hellen akaanza kupiga kelele. Anaapa kwa Bikira Maria kwamba tarehe 18 alisoma kwa macho yake mawili "hana", na akamtamkia mzee "huna", na mzee akampa mkono.

Najibu anaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hajagusa jibu lile tangu aliingize. Seva ina alama ya saa na tarehe, nayo inamuunga mkono.

Basi jibu moja limesema maneno mawili. Mwongo ni nani? Nimezunguka meza yangu tangu asubuhi na sipati pa kuanzia. Kila mtu ninayemuuliza anasema kweli.

Na mzee hayupo nyumbani kwake. Jirani anasema alifurahi, akachukua panga lake na koti, akaenda kutembelea ndugu. Simu yake haipatikani. Kila siku inayopita anakohoa mahali fulani, karibu na watu fulani, akijua ni mzima. Huyo ndiye ninayemwaza, kuliko programu yako.

Gaudiosa


Kibeta
3 Novemba 2024

Dada Gaudiosa,

"Kila mtu ninayemuuliza anasema kweli." Hapana! Haiwezekani. Hilo ni jibu la padri, mchunguzi hajibu hivyo. Pana mtu amekosea, na nakuhakikishia si programu yangu.

Programu yangu ni mlango. Mlango haupiki wala haupakui. Hauwezi kugeuza "anavyo" kuwa "hana", kwa sababu hausomi kilichoandikwa. Unampitisha mtu tu. Nimeufungua tena ndani, mstari kwa mstari, tangu Ijumaa. Nimeujaribu mara arobaini. Sada amekaa sakafuni akichomoa waya wa netiweki na kuuchomeka, mimi niko kitini. Mara arobaini nimejikuta palepale nilipoachia, namba ileile, jibu lilelile. Mpaka Sada akasema, "Baba Safina, kama hii ndiyo kazi uliyoniolea ungeniambia mapema."

Kwa hiyo zimebaki njia mbili. Ama maabara waliandika kwanza "hana" wakasahihisha baadaye na wanaona aibu, ama Hellen alisoma mstari wa mgonjwa mwingine. Njia ya pili ndiyo ninayoiamini. Macho ya mtu aliyechoka husoma anachotaka. Mwambie Katibu mwenzako wa Izigo, au yeyote anayeshika fimbo huko, amuulize binti huyo vizuri.

Na usithubutu kuchanganya jambo hili na kura. Mmesubiri netiweki nzuri tangu enzi za mkongo wa kwanza wa mawasiliano. Mtu amewaletea dawa, sasa mnataka kuimwaga kwa sababu mhudumu wa mapokezi hajui kufuata mstari kwa kidole.

Nimeisoma barua hii kabla ya kuifunga. Ni kali. Sitaiandika upya, lakini naongeza sentensi moja ambayo hutaisikia tena kutoka kwangu: sielewi. Seva inasema kweli, programu ni nzima, na mzee amepewa uongo. Nimeyapanga mambo haya matatu mezani kila namna, na hayakai pamoja.

Amepatikana?

Muhidini


Izigo
5 Novemba 2024

Mwalimu Muhidini,

Shikamoo.

Katibu alitusomea barua yako kwenye simu, sauti ikiwa wazi. Hellen alikuwa amesimama pembeni. Amelia mpaka tabibu akamrudisha nyumbani. Miaka sita anasoma majibu hapa na hajawahi kusoma mstari wa mtu mwingine. Kwenye kompyuta yetu, Mwalimu, hakuna mistari mingi. Linatokea jibu moja tu, limejaa kioo kizima. Ungekuwa umefika hapa ungejua.

Mzee hatujampata. Tumekwenda kwake mara tatu. Ule mkungu aliotuletea tuliula sote, ulikuwa mtamu.

Tarehe 22 nilikuuliza swali. Ulinijibu kwamba ni kawaida na tusiogope. Karatasi hiyo ninayo. Sikuonyeshi kwa ubaya, lakini swali langu lilikuwa la kweli na wewe ulilijibu kabla hujalisikia.

Umejaribu mara arobaini kwa kuchomoa waya. Hapa hatuna wa kuchomoa waya, netiweki inachomoka yenyewe. Njoo ukae nasi siku moja tu, tangu asubuhi. Senene zimeanza kushuka, tutakukaangia. Ukiona kosa letu, utuambie mbele ya macho yetu.

Ephrasia


Kibeta
8 Novemba 2024

Dada Gaudiosa,

Jana nilikuwa Izigo. Naandika kabla sijapata nafasi ya kujitetea.

Nilifika saa moja na nusu, nikapewa stuli nyuma ya kompyuta. Ephrasia aliketi, akaingia, akafungua namba ya mtoto mmoja, akasoma. Saa mbili na dakika kumi netiweki ikakatika. Ephrasia akainuka. Aliinuka tu, akaenda chumba cha sindano, na Hellen akaja akaketi kwenye kiti kilekile, kadi ya mama mmoja mkononi. Kioo kilikuwa kimeganda. Hellen akabonyeza namba ya mama yule juu ya kioo kilichoganda, akangoja. Baada ya dakika tatu netiweki ikarudi, na jibu likajaa kioo kizima. Hellen akafungua kinywa amsomee mama.

Nilipiga kelele. Mama akadondosha mwavuli.

Jibu lile lilikuwa la yule mtoto ambaye Ephrasia alifungua namba yake. Programu yangu ilikuwa imemngoja Ephrasia kwa uaminifu, ikamrudisha palepale alipoachia, na namba aliyobonyeza Hellen haikufika kwenye seva. Ila kitini alikuwepo Hellen. Namba ya mgonjwa iko pembeni juu, kwa herufi za sisimizi, na hakuna anayeitazama, maana miaka yote namba umeiandika mwenyewe na jibu linalofuata ni lake.

Nikamuuliza Ephrasia, "Mbona hukutoka?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa na mlevi. "Nimetoka, Mwalimu. Si nimesimama?"

Kisha wakanieleza utaratibu wao, nao wakishangaa kwamba siujui. Pale kompyuta ni moja na watu ni watatu. Zamani waligombania kiti. Basi wakapatana: netiweki ikikatika, zamu yako imekwisha, mpishe mwenzako. Huna cha kupoteza, si umeshatupwa nje? Mwenzako anaketi, netiweki inarudi, anaandika jina lake na neno lake la siri. Netiweki mbovu ndiyo iliyokuwa kengele yao. Mwaka 2021 nilisimama mbele ya wafanyakazi wenu wote nikawafundisha kubonyeza "Toka". Hakuna aliyewahi kukibonyeza. Kwa nini abonyeze, wakati netiweki inamtoa mara thelathini na nne kwa siku? Mimi nikaja, nikauondoa mlango wa pekee waliokuwa wakitokea, nikauita msaada.

Tarehe 18 ilikuwa hivyohivyo. Tumelifungua daftari. Kabla ya Hellen aliketi Ephrasia, na namba ya mwisho aliyofungua ni 409. Namba 409 hana. Hellen alisoma sawasawa. Najibu aliandika sawasawa. Programu ilifanya nilichoiamuru. Ulisema kila mtu anasema kweli, nami nikakucheka.

Nilimwomba Hellen radhi mbele ya wenzake. Alinijibu, "Haya, kula senene, Mwalimu, zinapoa." Sijui kama amenisamehe.

Wale wa ng'ambo waliniuliza swali hilihili. Neno kwa neno.

Na sasa jambo ambalo ungelijua baadaye kwa mtu mwingine. Uliniandikia "Izigo peke yake" mara mbili. Wakati barua hiyo inanifikia, flashi zilikuwa zimeshatoka. Moja nilimpa mtu kwenye arusi ya jirani yangu Jamali, nyingine mlangoni pa msikiti, nyingine sokoni Muleba, na nne zaidi hivyohivyo. Waliniomba, nami nikafurahi kuombwa. Zahanati saba, mbali na Izigo, zinatumia toleo langu bila kamati kujua. Panga lilikuwa mkononi mwangu, Gaudiosa. Uliniambia, na lilikuwa limeshapita mashamba saba.

Mzee je?

Muhidini


Kamachumu
11 Novemba 2024

Mwalimu,

Mzee amepatikana. Alikuwa nyumbani kwangu.

Namba 417 ni Ishengoma, baba yangu mdogo. Alikuja tarehe 20 kunisaidia kupogoa migomba. Hakuniambia kwamba alipimwa. Wanaume wa kwetu hawazungumzi kikohozi chao na binti wa kaka. Nilipomuuliza alisema ni tumbaku. Amelala wiki tatu chumba kimoja na Klaudia, mwanangu wa mwisho, wanakunywa uji kikombe kimoja, anamsimulia habari za marehemu baba yangu. Nami wiki hizo zote nilikuwa natoka asubuhi kwenda ofisini kumtafuta namba 417.

Juzi Jumamosi nilifua koti lake. Kadi ikatoka mfukoni.

Ningeuliza jina siku ya kwanza, ningempata siku hiyohiyo. Sikuuliza, kwa sababu kanuni inasema Katibu asijue majina ya wagonjwa, ajue namba tu. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Nilijivunia. Kwa hiyo usijilaumu peke yako.

Baba mdogo ameanza dawa leo. Aliniuliza jambo moja tu, kama lazima arudishiwe ule mkungu. Klaudia amepimwa. Anakohoa kidogo, sijui kama ni baridi au ni masikio yangu. Majibu yanaingia kwenye seva keshokutwa, Jumatano, na yatasomwa hapa Kamachumu.

Sasa nisikilize vizuri. Sitaki uifute programu. Najua utataka, kwa hasira, ukichoka kuwapiga wengine huanza kujipiga mwenyewe. Ijumaa hapa netiweki ilikatika mara tisa na niliona benchi lilivyojaa. Irekebishe. Ikirudi, iulize aliyeketi ni nani, kisha imwonyeshe namba ya mgonjwa kwa herufi kubwa kabla ya jibu. Ichukue mwezi, ichukue miwili. Nitaipigia debe mimi mwenyewe, nikiwa hai.

Lakini leo nataka majina saba.

Gaudiosa


Kibeta
12 Novemba 2024

Kwa ninyi saba mliopokea flashi mkononi mwangu. Nakala kwa Katibu.

Ndugu zangu,

Nilipowapa flashi niliwaambia, "Weka, utanishukuru." Mliweka, na wengi mmenishukuru. Zirudisheni shukrani hizo. Niliwapa kitu kizuri nilichokijaribu nikiwa peke yangu, kwenye kiti changu, nyumbani kwangu, wala sikuwauliza ninyi mnaketije.

Kama zahanati yenu ina kompyuta moja na watu wawili au zaidi, na kama netiweki ikikatika mnapishana, basi jibu linalotokea ikirudi laweza kuwa la mgonjwa wa mwenzako aliyeinuka. Mzee mmoja ameambiwa ni mzima akiwa mgonjwa. Amekaa wiki tatu na mtoto chumba kimoja. Hakuna aliyesoma vibaya, na hakuna kompyuta iliyoharibika. Msiwatafute wachawi.

Nimewaandikia pia wale wenye programu ng'ambo. Nimejibu swali lao baada ya mwaka mzima, na nimewaomba wasiyapokee mabadiliko yangu mpaka niwatumie mengine. Keshokutwa nitakuwa kwenye kikao cha Kamachumu kupinga hoja yangu mwenyewe. Wanaopenda kuniona nikishindwa waje mapema wapate viti.

Kura si yenu, kwa hiyo nawadai kilicho mikononi mwenu. Kesho, kabla hamjamwita mgonjwa wa kwanza, liondoeni toleo langu na kulirudisha la zamani. Ndiyo, litawatupa nje mara thelathini na nne. Acheni liwatupe. Kisha chukueni daftari, tangu siku mliyoweka flashi, na kila jibu mlilosoma baada ya netiweki kukatika lisomeni upya. Msiniambie ni mengi. Najua ni mengi. Penye tofauti, mfuateni mgonjwa nyumbani kwa miguu, na mumwite kwa jina.

Georgina wa mapokezi, Kamachumu. Wewe ndiye wa saba. Uliichukua flashi mlangoni pa soko na ukaniomba nisimwambie bosi wako, nimemwambia. Kesho saa tatu Najibu ataingiza jibu la mtoto anayeitwa Klaudia, na mama yake atakuwa amesimama dirishani kwako. Utakuwa umeliondoa toleo langu. Hata hivyo, netiweki ikikatika, usiinuke. Mwenzako akikuomba kiti, mnyime. Netiweki ikirudi, ingia kwa jina lako, iandike namba yenyewe, weka kidole juu yake kwenye kioo, na uisome kwa sauti mpaka Gaudiosa aitikie kwamba ndiyo. Baada ya hapo ndipo umsomee jibu.

Muhidini Awadhi